Boliti ya Saba

Tulipofungua kichwa cha injini, uani kwa dada, Katuba,
boliti tisa zilitoka zikinung'unika.
Ya saba ikakatika shingo.
Kaumba, mpwa wangu, akakiweka kipande kiganjani
kama jino la mtoto:
"Mjomba, tulitupe juu ya bati?"

Pejo mia nne na nne, ya mwaka sitini na nane,
ilikuwa ya baba. Likasi na kurudi, Kolwezi na kurudi,
magunia ya unga nyuma, sisi juu ya magunia,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Halafu miaka ishirini chini ya turubai,
kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Nikaenda soko la Kenya na kipande mfukoni.
Tshiaba ana mikebe ya maziwa, kila mkebe na ukoo wake:
za lori, za Toyota, za mashine zilizotoka kiwandani
usiku, bila kuaga.
Akamwaga zote juu ya gunia. "Chagua. Bulo ni bulo."
Si kweli, mama.
Unene uleule, urefu uleule, kichwa kilekile cha pembe sita,
lakini uzi wa hii ni moja na robo, wa ile moja na nusu.
Inaingia mizunguko miwili, kwa adabu,
halafu inakataa.
Ukiilazimisha inakula nyumba ya mwenzake
mpaka pasiwe na pa kushika.
Nimeona ndoa za namna hiyo.

Kamalondo: "Haiko."
Njanja: "Haiko, rudia juma lijalo."
Mkereza vyuma nyuma ya reli angeweza kunitengenezea mpya,
ila akanionyesha chuma alichokuwa nacho, nondo ya kujengea.
"Itakaza leo. Itakatika Jumapili,
ukiwa njiani, na wakwe ndani ya gari."
Msema kweli hana wateja wengi.

Siku ya tisa, saa sita na nusu, nilipita nyuma ya shule
na Sompwe, mlinzi, alikuwa akigonga rimu
iliyoning'inizwa kwenye nguzo.
Watoto wakamwagika.
Mimi kengele sikuisikia. Nilikuwa natazama mkono wake.

"Baba, hiyo unayogongea…"
"Hii? Ya tangu mkurugenzi wa zamani. Iko na sauti."
Nikaomba niipime. Nati yangu ikapanda uzi wake
mpaka mwisho, kimya,
kama mtu anayepanda ngazi za kwao gizani.

Kichwa kimechakaa, pembe zimelala,
lakini shingo nzima. Boliti haifi kwa kupigwa.
Hufa kwa kuvutwa, kila mwaka kidogo,
inarefuka, inakonda, hakuna anayeona.
Nikamkumbuka baba na mshahara wake
uliokuwa unakuja mwezi ujao,
mwezi ujao.

Sompwe hakutaka franka. Alitaka sauti.
Nikamletea mpini wa jeki: akagonga, akatikisa kichwa.
Spana ya kumi na saba: hapana.
Mwisho nikampa vali kuukuu ya injini ileile.
Akagonga mara moja, akaisikiliza mpaka ikaisha.
"Nyembamba," akasema. "Lakini inafika mbali."

Asubuhi yake nusu ya shule ilichelewa.
Watoto walisema hawakuijua hiyo kengele,
walidhani ni ya kanisa la wengine.

Usiku huu tunakaza. Umeme umekwenda.
Kaumba anashika taa ya simu, mimi daftari la baba,
mwandiko wa kalamu ya risasi uliolalia kushoto:
Anza katikati. Nenda pembeni. Rudi mara tatu.
Usikaze ukiwa na hasira.

Kaumba anauliza kama itawaka.
Betri hatuna, mwanangu. Leta spana.
Tumefika ya sita.